Mguu Wangu Ulivunjika Ukutani, Si Mnazini

Naanza na mnazi, maana ndio mnaoujua. Nyie vijana wa Wambaa mbele yangu mnaniita Mwalimu, nikishapita mnaniita Madafu. Nawasikia. Mguu ndio mbovu, masikio mazima. Mmeambiwa na wazee wenu kwamba nilipanda mnazi wa watu kuiba madafu, nikaanguka, nikavunja kifundo cha mguu, na mpira wangu ukaishia hapo. Uwongo. Wallahi uwongo mtupu. Mie sijapanda mnazi tangu kuzaliwa, naogopa juu. Na kwa mtoto wa Wambaa kuogopa mnazi ni fedheha, ndiyo maana miaka yote nilinyamaza. Ili nijitoe kwenye wizi ingenibidi nijitangaze mwoga.

Haya, leo najitangaza. Naogopa minazi. Chekeni mmalize, kisha mnisikilize.

Skuli nimeishia darasa la sita, basi mkiona maneno yamekwenda upogo, yanyoosheni wenyewe. Na majina nitayataja. Waliofanya hawakuona haya kufanya, mie nione haya ya nini kusema? Tena sisemi kwa ajili ya mguu wangu, huo ushakwenda. Nasema kwa ajili ya miguu yenu, kwa sababu mmeanza kupelekwa ukutani tena.

Kazi yangu ilikuwa mpira. Nasema kazi kwa kuwa nililipwa kwayo misimu mitatu, na timu kubwa ya bara yenye basi lake na daktari wake. Lakini kazi hiyo nilifunzwa na muuza boflo. Mwalimu Mbarouk, Mungu amrehemu, alikuwa akitoka asubuhi na baiskeli na tenga la mkate, akishamaliza kuuza anatukuta pwani, maji yametoka, mchanga umelala mbichi. Anatuendesha mbio huku na huku, kisha hatutazami sisi. Anainama, anatazama tulikopita.

"We Hamadi, njoo. Nyayo hizi za nani?"

"Zangu, Mwalimu."

"Mbona wa kushoto unalima na wa kulia unapapasa? Mguu wa kulia unakuuma."

"Hauniumi, Mwalimu."

"Mchanga unasema unakuuma. Nikuamini wewe au niuamini mchanga?"

"Uamini mchanga."

"Basi kakae."

Siku ile nilimchukia mpaka magharibi. Leo ndiyo elimu pekee niliyonayo ambayo hapana aliyeweza kuninyang'anya. Mkishika timu, msimuulize mchezaji kama anaumwa. Mchezaji ni mwongo kuliko muuza samaki wa jana. Mpitisheni kwenye mchanga wa maji, mtazame kisigino kimezama wapi, vidole vimekamata wapi. Mguu unaouma hauwezi kuandika sawa na mzima. Hata nyie mnaovaa vile visaa vya mkononi vinavyohesabu hatua, vaeni, sivikatai. Vinajua umepiga hatua ngapi. Havijui ipi ulipiga ukiwa umeuma meno.

Bara nako nilijifunza, nisiwe mchache wa shukurani. Siku ya kwanza daktari wao alinitia miguu kwenye ndoo ya barafu nikapiga ukelele. Nikamwambia, "Daktari, mie nimekuja kucheza, unanihifadhi kama samaki changu?" Wakacheka wote. Lakini asubuhi yake uvimbe haupo. Nilipokuja kuwa kocha hapa kwetu, ndoo ninayo, barafu iko wapi? Nikawa nakwenda diko, pale wavuvi wanapotia barafu kwenye masanduku ya samaki, nawaomba vipande vilivyovunjika. Dakika kumi na tano, na kitambaa baina ya barafu na ngozi, maana mmoja wenu aliifunga tupu, ngozi ikababuka akawa kama aliyeungua na uji. Mtanuka samaki, ndiyo. Mke wa Seif, kapteni wetu, alikuja kunishitakia mlangoni: "Mwalimu, mume wangu kila Jumamosi anarudi ananuka jodari, na kitoweo haniletei."

Haya, ukuta.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nimekuja likizo kumtazama mama. Kule bara mkataba mwengine wa miaka miwili ushaandikwa, unaningoja mie tu nirudi nitie saini. Akaja nyumbani Khatib Vuai na mkungu wa ndizi. Wakati ule Khatib alikuwa katibu wa timu yetu, Pweza. Leo ni mwenyekiti, na nyie mnamwita Mzee Khatib na kumpokea baiskeli.

"Hamadi, mwanangu," akasema, na wala hanizidi miaka saba. "Mechi moja tu, na Chokocho. Tukishinda tumepanda daraja. Utaikatalia timu iliyokulea?"

Mama alikuwa ameshazikata zile ndizi ziko jikoni. Nitakataaje na harufu ishafika barazani?

Mtu asiyetujua akisikia kamati ya ufundi ya timu atadhani ni watu wa kufundisha mpira. Nyie mnaijua. Ni wanaume wanne watano wanaokwenda kwa mganga na jezi zetu ndani ya mfuko. Mganga wa Pweza alikuwa Fundi Mjaka, aliyekuwa akitengeneza redio Mkoani. Redio yake mwenyewe ilikamata stesheni moja, na hiyo kwa kupigwa kofi. Huyo ndiye aliyesema kuwa Chokocho wamezika kitu chini ya mlango wa uwanja wa Chake, kwa hiyo mlangoni hakupitiki. Timu iruke ukuta wa nyuma, mmoja mmoja. Na kila atakayetua asiguswe na mkono wa mtu mpaka akanyage majani ya uwanja. Akiguswa, dawa imemwagika.

Ukuta ule kwa nje una kifusi, unaupanda kama ngazi. Kwa ndani ni kina: mtu na mkono wake juu hafiki. Chini kulikuwa na mtaro, na ndani ya mtaro mawe. Walitangulia watatu. Wa nne mie. Nikakaa juu ya ukuta nimeshika kwa mikono miwili, macho yananizunguka. Khatib yuko chini, upande wa ndani, kanzu ameikunja.

"Ruka!"

"Khatib, pana mawe."

"Mawe hayana macho, hayakujui wewe nani. Ruka!"

"Ngoja nishuke kwa kuning'inia."

"Oneni maajabu! Mchezaji wa bara anaogopa ukuta! Anataka aletewe kitanda!"

Wenzangu wakacheka. Nikaruka kwa haya, si kwa ushujaa. Nilisikia mlio kama wa muwa unapovunjwa kwenye goti.

Kipa wetu, Juma, aliyekuwa ametangulia, akaja mbio kunishika. Khatib akaupiga ule mkono. "Usimguse! Hajafika kwenye majani!"

"Mguu umevunjika, Bwana Khatib, huuoni?"

"Nauona. Ajikokote. Timu nzima isiharibikiwe kwa ajili ya mtu mmoja."

Vijana, nilijikokota. Hatua ishirini na tano, nimerudi baadaye kuzipima. Nilikwenda kwa viwiko, mguu unakuja nyuma peke yake. Wanaume wazima wananifuata pembeni, wengine machozi yanawatoka, na hapana aliyenyoosha mkono. Wachezaji siwataji, wengi walikuwa watoto na waliogopa. Khatib Vuai namtaja. Fundi Mjaka namtaja, ijapokuwa keshatangulia mbele ya haki. Na kocha wa wakati ule, Bakari Sharifu, aliyeinama akajifanya anafunga kamba za kiatu mpaka nikampita, naye namtaja. Bakari, ulikuwa umevaa kandambili.

Mwalimu Mbarouk alikuwa keshafariki. Angekuwepo, Khatib angevikwa lile tenga la mkate kichwani.

Na kilichonimaliza ni kuwa tulishinda. Moja bila. Tungefungwa labda watu wangejiuliza. Tumeshinda, basi kila mtu akasema mguu wa Hamadi ndio uliokuwa kafara. Wakanipitisha barabarani kwenye gari wanaimba, nami nimelala chini baina ya miguu yao.

Walinipeleka kwanza duka la dawa la Bi Zarina, pale Chake, mama wa Kihindi aliyekuwa akituuzia bendeji tangu utotoni. Wanataka mafuta ya kuchua. Bi Zarina akaufunua mguu, akaufunika.

"Nani aliyemtembeza huyu?"

"Hakutembea, Bi Zarina. Amejikokota kidogo tu."

"Mafuta sikuuzieni. Hospitali, sasa hivi."

"Tutamkanda kwanza, Bi Zarina, una haraka gani?"

"Kakandeni unga! Huu ni mfupa!" Akatoka nje kwa miguu yake, akasimamisha gari, akawafukuza wenyewe waliomo. Huyo naye namtaja, maana si wabaya tu wanaostahiki kutajwa.

Daktari aliniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo. Ningebebwa pale pale, mfupa ungeunga, na msimu wa pili yake ningecheza. Kule kujiburuta ndiko kulikosaga kiungo.

Sasa mnazi ukatoka wapi? Kuruka ukuta kulikuwa na adhabu, timu ingenyang'anywa ushindi. Bara wakauliza mchezaji wao amepatwa na nini. Mie nimelala hospitali, Khatib akaandika barua: Hamadi ameanguka mnazini, akichuma madafu yasiyo yake. Kule "yasiyo yake" hakukuwa na haja, aliweka kwa utamu. Saini yangu haikutakiwa tena.

Mtaniuliza, na timu hiyo hiyo uliirudia ya nini? Kwa sababu Pweza si ya Khatib. Ni ya ule mchanga. Miaka ilipita nikiuza mitumba, kila jioni nikipita pwani nawaona watoto wanakimbia na visigino vinavyolima, hapana anayewaambia. Ikafika siku timu haina kocha, wala hapana aliyeutaka ukocha wenyewe. Nikasema nipeni mie, kwa sharti moja: nikiwa mie kocha, tunapita mlangoni. Khatib akacheka. Timu ilikuwa imeshashuka daraja, iko mkiani, hata mganga haitaki.

Msidhani nilianza kwa ustadi. Mechi yangu ya kwanza nilinunua daftari, nikachora uwanja, nikatia viduara kumi na moja na mishale. Nikajiona mtu wa bara. Wakati wa mapumziko nikawaonesha. Nilikuwa nimelishika juu chini. Wale watoto, kwa adabu zao, wakafuata vile vile. Kipindi cha pili beki wa kushoto yuko kulia, winga yuko nyuma kabisa kama mlinzi wa skuli, na kipa ananiuliza kwa ishara kama na yeye ahame goli. Tulifungwa manne. Tangu hapo nawachorea mchangani, kwa magome ya chaza, na sote tunasimama upande mmoja. Mtu akiwa haelewi naona kwa macho yake, na mie nikikosea, anasogeza gome.

Misimu minane tumepita mlangoni. Minane! Tumetoka mkiani tumefika pahala ambapo mechi moja tu ilibaki tupande daraja, na timu ya Shumba. Hapo kamati ya ufundi ikafufuka. Khatib akanijia na maneno ya mlango, ya kitu kilichozikwa, mwaka huu mganga ni mpya lakini kitu kilichozikwa ni kile kile. Nikamwambia la. Tukapita mlangoni, vijana wangu wamenyooka kama bwana harusi. Tukafungwa mbili kwa moja. Goli la pili kosa langu: nilimwona beki amechoka nikachelewa kumtoa. Langu mie, si la mlango.

Ijumaa yake, baada ya sala ya alasiri, nikaitwa mbele ya wanachama.

"Hamadi, hatuna ugomvi," Khatib akasema. "Sema neno moja tu, samahani, timu unaendelea nayo."

"Samahani ya nini, mwenyekiti?"

"Ya ule mlango."

"Mlango umewekwa na seremala ili watu wapite. Labda tumwite seremala aombe samahani."

Watu wakacheka, Khatib akageuka rangi. "Unajibu kijeuri."

"Nauliza basi. Misimu minane, nimekurudishieni mchezaji gani amevunjika?"

Mzee mmoja nyuma akasema, "Huyu bado ana kinyongo cha mnazi." Na wakacheka tena, safari hii mie ndiye kichekesho. Nikaondoka. Samahani sikusema, na sisemi.

Timu akapewa Ali, niliyemfundisha mwenyewe tangu hajui kufunga kamba. Alikuja kwangu, amekaa ukingoni mwa baraza kama anayedaiwa. "Mwalimu, wameniambia ukuta, au nitafutiwe mwengine. Mie nifanyeje?"

"Umewafundisha kutua?"

"Kutua vipi?"

"Magoti yakunjwe, miguu yote miwili pamoja, usikodolee chini."

"Hawana muda, Mwalimu. Mechi ya kwanza ya msimu mpya ni Jumamosi."

Ali, nakupenda, lakini na wewe nakutaja.

Jumamosi nikaenda Chake mapema. Nikalipa kiingilio, nikapita mlangoni, nikazunguka mpaka nyuma chini ya ule ukuta. Mtaro ule ule. Nikainama nikaanza kuyatoa mawe, moja moja, nayatupa kando. Hata sijamaliza nikasikia sauti za watu nje, kisha kichwa cha Seif kikatokeza juu. Kijana wa watu amekaa kama nilivyokaa mie, mikono miwili, rangi imemtoka.

Khatib alikuwa keshaingia ndani. "We Hamadi! Toka hapo!"

"Nimelipa kiingilio."

"Wewe si kocha tena!"

"Najua. Leo ni mtazamaji, natazama kwa karibu." Nikanyoosha mikono. "Seif, kunja magoti. Nitazame mie kifuani, usitazame chini. Njoo."

"Usimguse! Hajafika kwenye majani! Hamadi, nakwambia usimguse!"

Seif akaruka. Nikamdaka, nikamweka chini kama tenga la mayai.

"Dawa imemwagika!" Khatib akapiga ukelele mpaka wauza njugu wakageuka. "Mmeona wenyewe, ameimwaga dawa!"

"Wa pili," nikasema.

Wa pili akaja, na wa tatu. Kifundo changu kinawaka moto, lakini kilisimama. Wa nne ni kipa, ana kilo zake yule, tukaanguka wote wawili mtaroni, tukainuka tuna matope mpaka kwenye nyusi, naye anacheka. "Mwalimu, hujambo?" "Sijambo, toka juu yangu." Khatib akanivuta shati. Seif akamtoa mkono taratibu, kwa heshima, "Mzee Khatib, hebu kidogo," akaja akasimama ubavuni mwangu, na yeye akanyoosha mikono. Wa tano, wa sita na wa saba tukawadaka sisi wawili.

Wa nane hakuja. Nikatazama juu, nikawaona wanne wamekaa ukutani wanashauriana.

"Kuna nini huko?" Khatib akauliza. "Rukeni!"

Mmoja akajibu, wala hakukusudia ujeuri: "Mzee, si umesema dawa ishamwagika? Sasa tunaruka ya nini?"

Wakashuka kwa nje, wakazunguka, wakaingilia mlangoni.

Matokeo waulizeni waliokwenda kutazama mechi. Mie nilikwenda kutazama miguu. Niliihesabu ilipokanyaga majani, ishirini na miwili, yote mizima. Na Jumamosi nyengine Pweza wakicheza Chake nitakuwepo tena chini ya ukuta, na ninyi mkisukumwa huko rukeni kwangu. Khatib ameleta habari kwamba akiniona pale ataniitia polisi. Aniitie. Polisi nao wataingilia mlangoni.